Namba za Marehemu Katika Depo Yetu

Kazi yangu ni kuvipa vitu namba. Mama yangu mzazi anaijua kazi hiyo miaka mingi sasa, na mpaka leo hajaikubali. Wenzake wa kanisani wakimuuliza binti yake anafanya nini, anajibu, "Iko na biro, iko na kiti ya kuzunguka," yaani nina ofisi, halafu anageuza mazungumzo upesi. Siku moja nilikaa naye uani, yeye anatwanga sombe, majani ya muhogo, nikasema leo nitamweleza mpaka aelewe.

"Mama, kampuni yetu iko na kamyo mingi. Zinabeba majiwe ku Kakontwe, zinabeba mizigo ku Kambove. Kamyo iko na mataili, iko na filta, iko na breki. Kila kitu iko na namba yake mu mashini, tunaita kode. Kode ikibadilika na bantu habajue, kamyo haitoke. Minye njo ninachunga zile kode."

Akaacha kutwanga. Akanitazama.

"Aka! Na banakulipa ju ya ile?"

Nilicheka, lakini iliniuma kidogo. Maana wakati huo, watu wote wa depo yetu pale Likasi, kuanzia mafundi mpaka mlinzi wa geti, walikuwa hawana uhakika kama watakuwa na kazi baada ya kipupwe, na sababu ilikuwa ni namba hizohizo.

Nieleze tangu mwanzo. Mwaka uliotangulia, ofisi kuu ya Lubumbashi ilibadilisha kode zote za vipuri. Hawakutuambia. Tulifika kazini Jumatatu asubuhi, na mtunza depo wetu, papa mmoja, ndivyo tunavyowaita wazee wa kiume, mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akataka kutoa taili la kamyo ya kwanza. Mashini ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Na kwetu bila karatasi ya mashini hakuna kinachopita getini, hata msumari. Kamyo zikajipanga uani, madereva wakavua viatu wakalala chini yake. Kesho yake mashini ikakubali, lakini tukaona maajabu. Unaomba breki, unaletewa mshipi wa feni. Unaomba taa, karatasi inakuelekeza kwenye rafu ya mabomba. Wateja wa Kakontwe wakapiga simu wakitutukana kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kila mtu lugha aliyoona inauma zaidi.

Mkurugenzi alikuja mwenyewe. Ni mtu asiyepaza sauti, na hilo ndilo linalotisha. Alisimama katikati ya ua, vumbi jekundu likimpanda kwenye viatu vyake vyeusi, akasema maneno machache. Muuzaji wetu mkubwa wa vipuri alikuwa ametangaza kwamba mwaka unaofuata, kipupwe kikiisha, atabadilisha namba zake zote, kwa hiyo kode zetu zitabadilika tena. "Depo ya Likasi ikisimama tena siku hiyo," akasema, "nitaifunga. Kila kitu kitahamia Lubumbashi."

Akaingia garini. Mafundi wetu wengi ni watoto wa watu walioletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, kama babu yangu. Wamejenga Likasi, wamezika Likasi. Uhamie Lubumbashi na watoto sita na mama mgonjwa, utalala wapi? Mtunza depo alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, yeye ambaye hana sauti ya chini, "Mama, ile kazi yako ya manamba, inaweza kutuokoa?"

Nikamwambia, "Papa, itatuokoa au nitakufa nayo." Mimi ni mtu wa hasira, na nikikasirika naahidi vitu.

Basi mwaka mpya ulipoingia nikaanza na simu. Lubumbashi kulikuwa na bwana mmoja aliyesimamia mashini zote za kampuni, kijana kuliko mimi, mpole, anayezungumza Kifaransa kizuri kama mtangazaji wa redio. Nikamwomba anipe kode mpya mapema, kabla ya siku yenyewe. Akacheka taratibu.

"Mama, usijisumbue. Siku ikifika ninafinya kitufe, zote zinabadilika. Mtazipata asubuhi ileile."

"Asubuhi ileile?" nikasema. "Weye ulioa asubuhi ileile ulipomuona bibi yako?"

"Mama, bambi, samahani..."

"Hapana bambi! Mwaka jana ulifinya kitufe, sisi huku tukafinyika. Nipe kode mapema."

Akasema atafikiri. Kwa watu wa Lubumbashi, kufikiri ni jina jingine la kukataa.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba. Mama akaniona, akanipa bukari, ugali wetu, na dagaa wa kapenta bila kuuliza kitu, ndivyo alivyo. Nikala huku nikimsimulia. Nilidhani atasema kazi hiyo haina maana. Badala yake akasema, "Lakini weye, jina yako ilikungojea."

Hilo nalijua tangu utotoni, kila nyumba ya watu wa Kasai inalijua. Kwetu mapacha wana majina yao, hayachaguliwi. Na mtoto anayewafuata mapacha naye ana jina lake, limewekwa kabla hata mimba haijaingia. Mimi ndiye niliyewafuata mapacha. Mama anasema alipokuwa bado ananyonyesha wale wawili, shangazi zake walikuwa tayari wananiita, wananisalimia kupitia tumbo lisilo na kitu. Nilipotoka, hakuna aliyegombana, hakuna aliyekwenda kutafuta jina. Nililia mara moja, wakaniita, kazi ikaisha.

Nikaweka sahani chini. "Mama, rudia."

"Nirudie nini? Maliza kula."

Lakini nilikuwa nimeshapata. Kode mpya lazima ziwe ndani ya nyumba kabla ya siku yao. Ziingizwe kwenye mashini mapema, zilale, kila moja ikiwa na tarehe yake ya kuamka. Na zile za zamani ziwe na tarehe yao ya kulala. Siku ikifika, hakuna anayekimbia kutafuta kitu, maana kila mtu ameshazoea kukitaja. Asubuhi yake nilimpigia yule bwana wa Lubumbashi, nikamwambia hivyohivyo, na habari ya mapacha nikamsimulia. Kumbe naye mke wake alikuwa mtu wa Kasai. Akasema, "Mama, ile naielewa." Wiki hiyo akanipa kode mpya, na juu yake akatengeneza mashini ya majaribio, nakala ya ile ya kweli, ambayo tungeweza kuichezea bila kuharibu kitu.

Nikaanza kuzunguka depo nikiuliza swali moja tu: namba hii, nani anaitumia? Usicheke, swali hilo lilinitoa jasho. Nilidhani namba zinakaa kwenye mashini. Wapi! Ziko kila mahali. Mtunza depo ameziandika kwa chaki kwenye rafu. Fundi wa kuchomelea ameziandika kwa rangi juu ya mlango wa garaji, zile anazozisahau. Mlinzi wa geti ana karatasi yake nyuma ya kalenda, anayolinganisha nayo kila kinachotoka. Dereva mmoja wa Kakontwe alikuwa na namba ya filta yake imeandikwa kwa wino kwenye dashibodi, pembeni ya picha ya watoto. Kila mmoja nilimwambia: hii itabadilika, mpya ni hii, iandike chini ya ile ya zamani, usifute ya zamani mpaka nikwambie. Wengine walinung'unika. Mlinzi alisema nimemharibia kalenda. Nikamwambia depo ikifungwa atakuwa na kalenda safi na siku zote za mwaka za kuitazama.

Halafu tukafika kwenye majaribio. Tulichagua Jumamosi, makamyo yakiwa machache. Nilitaka tufanye kana kwamba siku imefika: dereva aombe, fundi aandike, depo itoe, mlinzi asome, geti lifunguke. Mafundi walikuja wakifanya mzaha, wengine wamebeba munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye chupa kama watu wanaokwenda kwenye sherehe. Taili la kwanza lilitoka vizuri. Breki ikatoka. Nikaanza kuona fahari.

Fundi akaomba filta ya mafuta, ile ya makamyo yetu makubwa, kitu tunachokitoa kila siku. Nikaingiza kode ya zamani ili mashini initajie mpya. Mashini ikajibu: raba ya pampu.

Nikajaribu tena. Raba ya pampu. Nikajaribu filta ya hewa. Mashini ikasema: mnyororo wa kunyanyulia. Nikajaribu balbu ya taa ya mbele. Ikasema: sabuni ya mikono.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa ndiyo siku yenyewe, filta zote za depo zingegeuka raba za pampu mbele ya macho ya mkurugenzi. Kamyo zingelala uani, nasi tungekwenda nyumbani moja kwa moja. Nikamwita yule bwana wa Lubumbashi kwenye simu, tayari kumla mzima mzima. Akaangalia. Akasema, "Mama, huku kwetu ile kode ni raba ya pampu. Tangu zamani. Pampu ya ile kazi ya Kambove iliyofungwa."

Nikamgeukia mtunza depo. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Papa," nikasema, "hii namba ilifikaje ku filta?"

Akajibu bila kuona aibu yoyote, jinsi mtu anavyojibu kitu ambacho kila mtu anakijua. "Mama, ile raba ilikufa. Pampu ilienda, nayo ikakufa. Filta ilikuwa mupya, haikukuwa na jina. Njo nikaipatia ile ya marehemu. Jina ya muntu haipotee."

"Na zingine?"

"Zote zenye zilikufa, nilizipatia batoto."

Yesu wangu! Nililia kwa sauti, "Papa, umetuua!" Miaka yote hiyo, kila kitu kilichoisha kwenye depo yetu, alichukua namba yake akakipa kitu kipya kilichozaliwa, akabadilisha maelezo kwenye mashini ya kwetu, Lubumbashi hawajui. Ndiyo maana mwaka jana tuliomba breki tukapata mshipi wa feni. Nilitukana. Sitayaandika hapa niliyoyasema, mama yangu anasoma.

Kisha nikakaa kwenye kiti changu cha kuzunguka, nikazunguka kidogo, na hasira ikaanza kunitoka, maana ningemlaumu kwa nini? Hakuwa mvivu, hakuwa mwizi. Alifanya depo yetu jinsi tunavyofanya nyumba zetu. Babu akifa, mtoto wa kwanza anayefuata anapewa jina lake, na watu wanafurahi, wanamwita mtoto mchanga "Papa", wanamsogezea kiti. Kwake, kuacha namba nzuri ikae bure ni kumsahau marehemu. Nilimwita akakaa karibu nami.

"Papa, mutoto akipewa jina ya babu yake, banamupatia na dawa ya babu ya magoti?"

Akakunja uso. "Hapana. Atakunywa dawa ya magoti ju ya nini?"

"Lakini mashini haijue kama babu alikufa. Inaona jina, inasema babu huyu hapa, inampatia mutoto dawa ya magoti. Ile raba ya pampu, mashini inadhani iko muzima. Filta yako inakunywa dawa ya raba."

Halafu akapiga paja lake, akaangua kicheko, ile sauti ya kwaya ikajaa depo nzima, mafundi nao wakaanza. "Kumbe! Mutoto wangu anakunywa dawa ya magoti!" Alirudia hilo kwa siku nyingi, mpaka kwa watu wa nje wasioelewa kitu.

Kicheko kilipoisha, likabaki jambo gumu. Yule bwana wa mashini alikuwa bado hajui sababu. Tungemwambia? Mtunza depo alikuwa wa kwanza kukataa. "Mama, usimwambie. Ile batu banatafuta sababu ya kutufunga. Unabapatia kisu?" Na mafundi wote wakawa upande wake. Tutajirekebisha wenyewe, kimyakimya.

Lakini haikuwezekana. Jedwali la kugeuza zamani kuwa mpya lilikuwa Lubumbashi, na lingebaki likiita filta yetu raba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe ungetuangukia siku ya mkurugenzi. Nikawaambia, "Nikinyamaza tutafungwa kwa hakika. Nikisema, tutafungwa labda. Minye nachagua labda." Nikatoka nje, nikasimama karibu na tangi la maji pale simu inaposhika vizuri, nikapiga.

Nikamweleza yote: marehemu, watoto, majina. Nikasikia anafinyafinya mashini yake. Halafu akasema, na Kifaransa cha redio kimemtoka chote, "Mama... hata huku."

"Hata huko nini?"

"Hata depo ya Lubumbashi. Nimeangalia rafu moja tu. Banafanya ile ile. Mama, ni mingi."

Nilicheka mpaka nikashika tangi. Madereva wakadhani nimepata habari ya mazishi, maana kwetu mtu akishika kitu hivyo ni kilio. Kumbe Katanga nzima inabatiza vipuri! Yule bwana alimwambia mkurugenzi, namsifu kwa hilo, akamwomba asogeze siku mbele. Mkurugenzi akasema muuzaji hasogezi tarehe, na Lubumbashi wana kazi nyingi, wataona mbele ya safari. Kuhusu Likasi akasema jambo moja tu: neno lake liko palepale. Ikisimama, inafungwa.

Sisi tukafanya kazi. Rafu kwa rafu, mimi na mtunza depo, kila kitu tukakiuliza: weye ni nani, na namba hii ni ya nani kabla yako? Yeye alikumbuka marehemu wote. Kitu kilichorithi tulikinyang'anya namba, tukakipa mpya kabisa, ambayo haijawahi kuvaliwa na kitu chochote. Namba ya marehemu tukaifunga kwenye mashini isifunguke tena, na yule bwana wa Lubumbashi akaifunga upande wake. Ilimwia vigumu papa yule. Kila namba aliyoifunga aliisemea kidogo. "Pumzika, papa," anaiambia raba ya pampu. Kuna mnyororo mmoja aliuombea kabisa, nikamwambia papa, jua linazama. Tukarudia majaribio. Filta ikabaki filta. Tukarudia tena Jumamosi nyingine, ili nisikie tena neno hilo tamu.

Siku ikafika. Baridi ilikuwa imeshaondoka na vumbi limeanza kuwa moto. Nilivaa kitenge changu kizuri, kile cha sikukuu, kwani nilijiambia nikifungwa nifungwe nimependeza. Makamyo yalikuwa yamejipanga, la kwanza la Kakontwe, dereva wake ni yule wa dashibodi na picha ya watoto. Na ndiyo, umeme ukakatika. Ungefikiri Likasi yenyewe inatujaribu.

Mtunza depo akaniangalia. Mimi nikamwangalia fundi wa jenereta. Jenereta nayo ina filta, na filta ile tuliibadilisha Ijumaa, kwa kode yake mwenyewe, kwa sababu niliuliza kila mtu nani anaitumia namba hii, na jenereta nayo ilikuwa mtu. Ikakohoa mara moja, ikashika. Mashini ikawaka. Dereva akaomba filta ya mafuta. Nikaingiza. Karatasi ikatoka, filta ya mafuta, namba mpya. Mtunza depo akaenda moja kwa moja kwenye rafu, kwenye chaki mpya iliyoandikwa chini ya chaki ya zamani, akarudi nayo mkononi ameinyanyua juu kama kuku wa sherehe. Mlinzi akasoma karatasi, akasoma kalenda yake iliyoharibiwa, akalinganisha polepole mno, yule mtu, makusudi kabisa, kunilipizia.

Geti likafunguka.

Kamyo ikatoka, na madereva wote wakapiga honi, uani pakawa kelele mpaka watu wa nyumba za jirani wakatoka nje wakidhani kuna harusi. Mafundi walinibeba. Mimi si mwepesi, lakini walinibeba. Ya pili ikatoka, ya tatu, mpaka ua ukabaki mtupu, na sikuwahi kuona kitu kizuri kama ua ule mtupu.

Kabla ya saa sita simu ikalia. Ni mkurugenzi. Sauti yake ileile ya chini, lakini safari hii ilikuwa chini kwa sababu nyingine. Lubumbashi ilikuwa imesimama. Filta zao zimekuwa raba, taili zao zimekuwa sijui nini. Akaniuliza kama Likasi inaweza kuwapelekea filta za mafuta.

Nikaweka simu kwenye kipaza sauti ili papa asikie. "Inaweza, Patron," nikamjibu bosi wetu. "Tuandikie tu kode mupya." Sikujizuia. Mungu anisamehe, na asiponisamehe, ilikuwa tamu.

Alikuja wiki iliyofuata, viatu vyake vyeusi na vumbi letu. Alisimama palepale katikati ya ua. Akasema depo ya Likasi haitafungwa. Kisha akasema kwamba kuanzia sasa kode za kampuni nzima, za Lubumbashi na kila mahali, zitatunzwa Likasi, na kila badiliko litapita kwetu kwanza, lijaribiwe, lipewe tarehe. Yule bwana wa Lubumbashi hufika sasa kila mara kabla ya badiliko, anakaa kwetu, anakula bukari ya mama yangu. Na mama akiulizwa kanisani, anajibu, "Mwana yangu njo anapea kampuni yote majina." Haelewi bado. Anajivuna tu, nami namwacha.

Mvua za kwanza zilipoanza, mtunza depo alistaafu. Alikuja ofisini kwangu na ombi moja. Kila mfanyakazi ana namba yake ya kazi. Alitaka ya kwake apewe atakayekaa mahali pake.

Nilijua nitamjibu nini, na moyo uliniuma kabla sijafungua mdomo. "Papa, haiwezekani. Tulisema namba ya aliyeondoka inafungwa. Tukimpa mwingine, mashini itampatia dawa yako ya magoti."

Alijaribu kucheka. "Njo vile. Nilijua." Akavaa kofia yake. "Basi minye nitapotea kabisa mu hii depo." Alisema bila hasira, na ikanichoma zaidi kuliko angenitukana.

Siku yake ya mwisho tulimwambia aje getini kuaga. Ile kamyo ya kwanza, iliyotoka asubuhi ile, ilikuwa imesimama imeoshwa, na madereva walikuwa wamechanga hela ya rangi. Juu ya kioo cha mbele, kwa herufi kubwa nyekundu, wameandika jina lake. Si cheo, si "Papa wa depo". Jina lake lenyewe, alilopewa la babu yake aliyekuja kutoka Kasai.

Alisoma herufi moja moja. Akavua kofia. Akaizunguka kamyo nzima, akagusa taili, akagusa mlango, machozi yanamtiririka na hayafuti. Mwisho akanigeukia.

"Na hii kamyo ikikufa?"

"Namba yake tutaifunga, Papa," nikasema. "Jina tutaipatia kamyo ingine."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda mbele karibu na dereva, na mlinzi akalifungua geti bila kuomba karatasi.